Naamka na vipele kila asubuhi: ni kunguni kweli, na aliyewaleta ni dada wa kazi?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usilitaje jina langu. Niseme tu kwamba ninaishi Tabata, Dar es Salaam, nina miaka 33, nimeolewa na nina watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 2. Tumepanga vyumba viwili na sebule kwenye nyumba yenye wapangaji wanne, na ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa jirani. Mume wangu anauza vipuri vya pikipiki mikoani. Wiki hii yuko Morogoro, wiki ijayo Dodoma, anarudi nyumbani siku tatu nne kisha anaondoka tena. Mimi nina kibanda cha kushona nguo, hivyo watoto wanashinda na dada wa kazi, binti wa miaka 19 aliyetoka Singida mwezi wa kwanza, na usiku analala nao.

Shida ilianza mwishoni mwa Machi. Niliamka nikakuta vipele vitatu mkononi, vimejipanga kama vifungo vya shati. Nikasema mbu. Kesho yake viwili shingoni, baada ya siku chache kiunoni. Shangazi, vinawasha! Mchana vinatulia, nikioga maji ya moto vinaamka upya, na usiku najikuna kwa kitana. Mtoto mdogo naye ana vipele miguuni. Mume wangu hana hata kimoja, tunalala kitanda kimoja, na ananiambia ni mawazo yangu.

Nilikwenda zahanati nikaambiwa ni aleji, nikapewa vidonge na losheni. Nikameza, nikapaka, asubuhi vipya vipo.

Kunguni nimewatafuta. Jumapili moja saa sita mchana nilitoa godoro nje, nikalianika juani, nikalipiga fimbo, sikuona kitu. Kwenye foronya niliwahi kuona tone la damu, na kwenye shuka vidoa vidogo vyeusi, ila nilikuwa nimeshaziloweka ndipo nikafikiria.

Sasa kuna jirani tunayeanika naye nguo kamba moja. Aliniona najikuna, akauliza, "Huyo dada yako alikuja na nini?" Nikakumbuka alikuja na begi na blanketi la kwao. Akanitazama, akasema, "Mwenzangu, kikulacho ki nguoni mwako." Tangu siku hiyo sina amani. Binti wa watu hajawahi kuniudhi, mtoto mdogo akilia anamkimbilia yeye kwanza, lakini nimeanza kumwangalia kwa jicho baya. Juzi alipokwenda sokoni nilipekua begi lake. Sikukuta kitu. Badala ya kutulia nikasema moyoni, basi wameshahamia kwangu.

Wiki iliyopita nilinunua dawa kwa kijana anayepita mtaani, iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi. Nikanyunyiza godoro langu na la watoto. Usiku mtoto mdogo alikohoa mpaka nikafungua madirisha yote, hata lile la chumbani kwangu ambalo siku hizi silifungui kwa sababu ya harufu ya kuku wa jirani aliyeatamia pale chini. Nilitaka kunyunyiza na sebuleni, mume wangu akanikataza nisimharibie kochi lake alilonunua Februari kwa familia iliyokuwa inahama.

Mwisho wa mwezi huu mama mkwe anakuja kutoka Rombo kwa komunyo ya kwanza ya mtoto wetu mkubwa. Atalala chumba cha watoto. Nikifikiria mama wa mume wangu anaamka na vipele nyumbani kwangu, natamani ardhi ipasuke. Akirudi kijijini si atasema mwanangu ameoa mchafu?

Nimrudishe binti kwao kabla mama hajafika? Nimzuie mama asije? Nimwambie mwenye nyumba au ninyamaze? Na kweli ni kunguni, au nimeanza kuchanganyikiwa?

Mama wa Wawili, Tabata

---

Marahaba, mwanangu. Pole na kujikuna, na pole zaidi na usiku unaokesha peke yako wakati mwenzako anakoroma pembeni.

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na kuna mambo niliyoyapigia mstari ambayo wewe umeyaandika kwa kupita tu. Nitayafikia. Kwanza nikurudishie ulichoniambia, uone kama nimekuelewa. Unaumwa na kitu usichokiona. Zahanati wamekupa jina moja, jirani amekupa jina jingine, mume anasema hakuna kitu. Katikati ya majina hayo umejikuta unamtafuta mtu kabla hujampata mdudu. Na juu yake kuna tarehe, mama mkwe anakuja, kwa hiyo kila kitu kinakuwa cha haraka.

Hujachanganyikiwa. Mtu aliyekosa usingizi majuma kadhaa, hata uzi wa shuka ukimgusa anaruka. Lakini vipele vya mtoto wako wa miaka 2 si mawazo yako. Kuna kitu. Ni kitu gani, ndiyo kazi iliyo mbele yetu.

Tuanze na ngozi. Kipele hakiandikwi jina la aliyeuma. Watu wameshika kwamba vitatu kwa mstari ni kunguni tu, na kweli kunguni mara nyingi huuma hivyo, anaonja hapa, anasogea, anaonja pale. Lakini kiroboto naye hupanga mstari, na mbu uliyemfukuza usingizini akarudi naye anaweza kukuachia vitatu. Aliyekuambia ni aleji hakukudanganya, maana ule uvimbe na mwasho ni mwili wako unavyoyakataa mate ya mdudu. Ila kwa kutazama kipele peke yake, si yeye, si mimi, wala bingwa wa ngozi anayeweza kuapa kwamba ni mdudu fulani.

Hapo ndipo mume wako naye anapopitiwa. Kunguni akinyonya hukaa dakika tano hadi kumi na mtu hashtuki. Wako watu wanaoumwa usiku kucha na ngozi yao haioneshi alama yoyote. Wako wengine ambao kipele hujitokeza baada ya siku kadhaa, hata wiki mbili. Kwa hiyo ngozi safi ya mume wako haithibitishi kwamba kitanda ni salama, na kipele cha leo asubuhi huenda si cha jana usiku. Isitoshe, umesema mwenyewe yupo nyumbani siku tatu nne tu. Usigombane naye kuhusu mawazo. Mwombe akushikie tochi.

Maana tochi ndiyo itakayosema. Mwanangu, ulimtafuta kunguni saa sita mchana, juani, kwa fimbo. Saa hiyo yeye amejibana ndani kabisa. Na godoro ni mahali pamoja tu, yeye anapenda mbao. Siku mume wako akiwepo, amkeni kati ya saa nane na saa kumi usiku bila kuwasha taa ya juu. Mulika mishono ya godoro, hasa kwenye kona. Kisha inua godoro utazame chaga, moja moja, pale inapokalia fremu. Tazama matundu ya skrubu, nyuma ya ubao wa kichwani, pindo za chandarua na pale kamba yake inapofungwa, maana chandarua kikiguswa na ukuta kinakuwa ngazi. Chukua kadi ngumu, hata ya vocha ya zamani, uipitishe kwenye nyufa.

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 4 hadi 7, bapa, rangi ya kahawia, ukimtazama ni kama mbegu ya tufaha. Akishashiba anavimba na kuwa mwekundu mweusi. Watoto wake ni wadogo na wamepauka, unaweza kudhani ni punje ya ufuta inayotembea. Mayai ni meupe, yana milimita 1 hivi, yamegandishwa ndani ya ufa. Utaona pia maganda, kwa sababu kila mtoto wa kunguni hujivua mara tano kabla hajakomaa, na kila mara lazima kwanza anyonye damu. Na vidoa. Vile vidoa vyeusi ulivyoviloweka, mwanangu, ndivyo nilivyotamani sana uvione tena. Safari hii usikimbilie beseni. Lowesha pamba, ibonyeze juu ya kidoa. Kikichanuka na kuwa rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kunguni. Ukimpata mwenyewe, mtege kwa selotepu au mtie kwenye kichupa, kisha mpelekee bwana afya wa kata yenu amtazame.

Ukikosa usiku wa kwanza, usiseme hamna. Kuna njia ya subira. Vuta kitanda kiwe mbali na ukuta, kunja shuka na chandarua visiguse sakafu, kisha simamisha kila mguu wa kitanda ndani ya kopo, haya makopo ya siagi yanatosha, lenye maji kidogo yaliyotiwa sabuni. Kunguni haruki wala hana mabawa, anatembea tu. Na kunguni wetu wa nchi za joto ana miguu inayoshika hata plastiki laini, ndiyo maana nasisitiza maji na sabuni, kopo tupu atalipanda. Kagua makopo kila asubuhi kwa wiki mbili. Anayetoka sebuleni au ukutani utamkuta humo. Aliyekwisha kujenga ndani ya kitanda hatanaswa, kwa hiyo makopo hayaifuti kazi ya tochi.

Sasa ile mistari niliyoipigia kalamu.

Umeniambia kuna kuku ameatamia chini ya dirisha lako. Mwanangu, utitiri unaujua. Kuku akiatamia, hasa kwenye kiota kikuukuu, utitiri hujaa pale, na vifaranga wakishatotolewa na mama yao akaondoka, ule utitiri unabaki na njaa, unapanda ukutani na kuingia dirishani. Unawauma watu, vipele vyake vinawasha kama hivyo vyako, na wenyewe ni vidudu vidogo mno, ukivitazama ni kama vumbi linalotembea. Weka karatasi nyeupe kwenye kizingiti cha dirisha usiku, asubuhi itazame kwa makini. Kuku huatamia siku 21. Kama alianza kuatamia kabla au baada ya vipele vyako, hilo nalo lichunguze. Ikiwa ni utitiri, ukizimwagia chaga za kitanda chako maji ya moto mwaka mzima hutapona, kiota kikiwa palepale.

Kuna la pili. Mwasho unaozidi usiku, na mtoto naye ana vipele, nilipoona hivyo niliwaza upele, ule ugonjwa wa kuambukizana wa kidudu kinachochimba ndani ya ngozi. Tazama katikati ya vidole vyako, viganjani, kiunoni, kitovuni. Mtoto mdogo mtazame na nyayo. Ukiona vijistari vyembamba kama mkwaruzo, rudi kwa daktari na mwambie wazi, "Nashuku upele." Dawa yake ipo, lakini hupakwa nyumba nzima siku moja, dada naye akiwemo, la sivyo mtaambukizana kwa zamu.

Mbu hawa wa mchana nao huuma miguu ya watoto wakicheza, na Dar es Salaam tumeshaona homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, kwa hiyo mtoto akipata homa usidhani ni vipele tu. Viroboto, ikiwa kuna paka au panya uani, hupenda vifundo vya miguu. Kuhusu papasi, wale kupe wa ndani ya nyumba, sina wasiwasi mkubwa kwa nyumba yako, maana hupenda sakafu za udongo. Lakini mume wako analala Dodoma na kwingineko. Akipata homa inayopanda, ikapoa siku kadhaa kisha ikarudi, amwambie daktari alilala wapi. Papasi huambukiza homa. Kunguni, pamoja na ubaya wake wote, hajathibitika kumwambukiza mtu ugonjwa kwa kuuma. Anachofanya ni kukunyima usingizi, na kukufanya ujikune hadi kidonda kiingie usaha.

Hapa nisimame kidogo kwenye ile chupa, kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu kuliko vipele vyote. Chupa ya maji ya kunywa isiyo na karatasi inaweza kuwa na chochote, hata dawa ya shambani. Mtoto wa miaka 2 analala ameweka shavu kwenye godoro lile. Naomba usinyunyize tena. Fua mashuka yote, anika magodoro siku nzima, tena zaidi ya siku moja, na mtoto alale kwenye godoro jingine kwa sasa. Chupa ifunge, iweke juu asikofika mtoto, usiitupe. Mtoto akikohoa tena, akihema kwa shida, akitokwa na mate mengi au akitapika, mpeleke hospitali usiku huohuo na uibebe chupa. Na yule atakayekushauri umwage mafuta ya taa kwenye chaga, ambayo nayo ni dawa ya mtaani ya siku nyingi, mwambie una watoto na una jiko ndani.

Hata dawa halali zina mipaka yake. Watafiti waliofanya kazi hapa Tanzania waliandika tangu mwaka 2002 kwamba kunguni wa maeneo yanayotumia vyandarua vyenye dawa walikuwa wameizoea dawa ileile. Ndiyo maana mtu anapuliza kopo zima na wiki ijayo anaumwa. Ukifikia kupuliza, iwe ni kwa dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na apulize mtu anayejua kazi. Kazi kubwa lakini hufanywa na joto. Maji yanayochemka yamwagwe kwenye chaga na kila kiungo cha kitanda kikiwa nje, nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana, pasi ipite kwenye mishono. Halafu yote yarudiwe baada ya siku kumi hadi kumi na nne, kwa sababu mayai yaliyosalia huanguliwa katika wiki ya kwanza au ya pili, na wengi wanaoshindwa hushindwa kwa sababu walifanya mara moja wakashangilia.

Sasa tuje kwa binti.

Nilisoma bweni miaka mingi iliyopita, vitanda vya chuma vya juu na chini, na kunguni walikuwa sehemu ya maisha yetu. Jumamosi tulitoa vitanda nje na kuvimwagia maji ya moto. Muhula mmoja walizidi, na maneno yakaanza kwamba aliyewaleta ni msichana mmoja mgeni, kwa sababu alikuja na sanduku la mbao badala ya la bati. Tulimhamishia kona ya peke yake. Alikuwa akiamka mapema kuliko wote, anakunja shuka lake mraba mdogo, analikung'uta mara tatu mlangoni ili tumwone. Kunguni walikuja kukutwa nyuma ya ubao wa matangazo, wamejaa, na ubao ule ulikuwepo kabla hatujazaliwa. Hakuna aliyemwomba radhi. Mimi nami sikumwomba, na nimekuwa mtu mzima sasa bado naliona lile shuka.

Kwa hiyo nielewe ninapokuomba uitazame kalenda yako tena. Binti aliingia Januari. Kochi liliingia Februari, likitoka kwenye nyumba ya watu usiowajua, na kochi lina mikunjo mingi kuliko blanketi. Mume wako hulala nyumba za wageni kila mwezi, begi lake likiwa sakafuni kando ya kitanda cha watu mia. Ukuta wako ni ukuta wa jirani, na kunguni hupita kwenye ufa wa ukuta na kwenye tundu la waya wa umeme. Huyo jirani aliyekuuliza dada alikuja na nini, je, kwake amewahi kumulika? Simshutumu. Nasema tu milango ni mingi. Na siwezi kukuambia kwamba blanketi la Singida halimo kabisa, maana kunguni wachache huchukua wiki kadhaa kuzaana hadi watu waanze kuona. Ila yeye analala na watoto, kwenye godoro lao, na vipele vingi viko kwako. Umeshamuuliza kama yeye anaumwa? Barua yako imesema umepekua begi lake, haikusema umemuuliza.

Ile methali ya jirani nayo nimeifikiria. Inasema kikulacho, haisemi akulaye. Ni kitu, si mtu.

Ukimrudisha kwao, fikiria yanayofuata. Kama hakuwaleta, utakuwa umempoteza mtu anayempenda mwanao na kunguni wako wamebaki. Kama ndiye aliyewaleta, pia wamebaki, maana hawatafuata nauli, na huenda wengine wakasafiri kwenye begi hadi kwa mama yake. Ukimweka, kuna gharama pia, utahitaji kuzungumza naye jambo gumu, na ukikosea maneno atajihisi kama yule mwenzangu wa bweni. Ningekuwa mimi ningeanza na kipele changu. "Dada, tazama mkono wangu, nimekuwa hivi tangu Machi, na mtoto naye. Wewe hujaumwa? Nisaidie kutafuta." Yeye ndiye anayetandika na kufua nyumbani kwako. Inawezekana ameona mambo ambayo ameogopa kukuambia, kwa sababu hata yeye anajua nani huwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Kuhusu begi ulilopekua, kumwambia au kutomwambia ni uamuzi wako, unamjua kuliko mimi.

Mama mkwe sasa. Najua aibu hii, na sitaki kuipuuza kwa kusema usijali. Lakini kunguni hafuati uchafu, anafuata pumzi na joto la mtu aliyelala. Mwaka 2023 Paris nzima iliingia taharuki ya kunguni, watu wakawa wanakagua viti vya treni na vya sinema kabla ya kuketi. Nyumba yenye vitu vingi humpa maficho zaidi, hilo ni kweli, ila hata kwenye nyumba iliyopigwa deki asubuhi na jioni anaishi vizuri tu.

Unaweza kunyamaza na kuomba Mungu. Inawezekana asiumwe, au aumwe na ngozi yake isioneshe. Hatari ni kwamba begi lake litarudi Rombo na wageni ndani, na siku akigundua, hatakumbuka kwamba uliona haya, atakumbuka kwamba ulijua. Unaweza kumwomba aahirishe, lakini komunyo ya mjukuu haijirudii, na bila sababu atajaza sababu zake mwenyewe. Unaweza kumtafutia mahali pa kulala kwa ndugu mwingine hapa mjini akaja mchana kwenye shughuli, ingawa kwa mama wa mume hilo nalo lina maneno. Au unaweza kumwambia, na nadhani mwenye kusema vizuri ni mwanawe: "Mama, kuna wadudu tunapambana nao, begi lako tutaliweka kwenye mfuko wa plastiki na kulitundika, ukifika nyumbani nguo zote zichemshwe." Wazee wengi wa kizazi chake wamelala na kunguni kuliko sisi. Huenda akakufundisha. Huenda pia akasema maneno, simjui mama huyo, wewe unamjua.

Kwa mwenye nyumba, usiende na neno kunguni kabla ya kichupa. Ukienda mikono mitupu anaweza kukujibu kwamba umekuja nao, au akalitumia neno hilo kukutoa. Ukiwa na mdudu mkononi, tena ukiwa umeshazungumza na mpangaji mmoja au wawili, maneno yanabadilika, kwa sababu nyumba inayoshirikiana kuta ikipigwa dawa chumba kimoja, wadudu huhamia cha pili na kurudi baadaye. Ikiwa ni utitiri, mazungumzo ni mepesi zaidi, ni ya kiota na kuku. Nayo yaendee taratibu, kuku ni mali ya mtu.

Mpaka mwisho wa mwezi una siku kadhaa. Si nyingi za kumaliza kunguni, lakini zinatosha kabisa kujua kama wapo. Anza leo usiku ukiweza, hata kama mume yuko safarini. Mwenye kushika tochi anaweza kuwa dada.

Niandikie makopo yamekuonesha nini. Na kile kikohozi cha mtoto, kikirudi, usisubiri jibu langu.

Shangazi